Mkoa, Jiji au Dar tu? Mwongozo kamili wa kutumia jina la Dar es Salaam

Kwa mujibu wa mipaka ya serikali, mkazi wa Masaki haishi ndani ya Jiji la Dar es Salaam. Mkazi wa Chanika, pembezoni kabisa mwa mkoa, anaishi ndani yake. Hali hiyo ilianza tarehe 24 Februari 2021, lakini hadi leo ukisoma fomu za maombi, mabango, taarifa za habari na hata ripoti za wataalamu utaona jina la Dar es Salaam limeandikwa kama vile lina maana moja. Lina maana kadhaa. Anayeandika bila kuchagua moja humpeleka msomaji kwenye ofisi isiyo yake, au humpa idadi ya watu ambayo si ya mahali anapopataja.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeandika jina hilo kikazi: mwenye fomu mkononi, karani, mwandishi wa habari, mwanafunzi wa utafiti, mfanyabiashara anayetafuta leseni. Msimamo wangu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: jina lenyewe halitoshi, linahitaji neno la kulitangulia. Mkoa, jiji, wilaya, manispaa, kata. Neno hilo dogo ndilo linalobeba maana ya kiserikali.

Hatua ya kwanza: lijue jina na uliandike sawasawa

Kabla ya mji huu kulikuwa na kijiji cha Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya kando ya bandari ile ya asili iliyofichika vizuri, akaupa jina la Kiarabu lenye maana ya nyumba au makao ya amani. Ni maneno yaleyale yaliyomo ndani ya Kurani, Sura ya Yunus aya ya 25, yanapotajwa makao ya amani ambayo Mwenyezi Mungu anawaita watu waelekee. Maneno hayohayo yamo pia katika jina rasmi la nchi ya Brunei Darussalam.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba maana yake ni "bandari ya salama". Tafsiri hiyo ina mashiko katika historia ya mji, kwa sababu bandari ndiyo iliyouleta, na "Bandari Salama" imetumika sana katika mashairi na mazungumzo. Lakini neno lililobaki ndani ya jina ni "dar", yaani nyumba au makao, wala si "bandar". Ukiandika maelezo ya kitaalamu tumia "makao ya amani"; ukiandika shairi, Bandari Salama ni yako.

Tahajia inafuata asili hiyo. Jina rasmi lina maneno matatu yasiyo na vistari: Dar es Salaam. Lile "es" la katikati ni kiungo cha Kiarabu, kwa hiyo huanza na herufi ndogo, isipokuwa pale ambapo jina zima limeandikwa kwa herufi kubwa. "Dar Es Salaam" si sahihi, ingawa programu nyingi za kompyuta hulazimisha herufi kubwa kila neno linapoanza. Zirekebishe kwa mkono. "Salaam" ina a mbili mwishoni. "Dar es Salam", "Daresalaam" na "Dar-es-salaam" ziachie nyaraka za zamani zilizoandikwa hivyo, na ukizinukuu usizibadilishe. Wajerumani, waliofanya mji huu makao makuu ya koloni lao kuanzia 1891, waliandika Daressalam kama neno moja, ndiyo maana utaiona hivyo kwenye stempu na ramani za enzi zao.

Vifupisho navyo vina mahali pake. "Dar" ni ya mazungumzo, vichwa vya habari na ujumbe wa simu. "DSM" hutumika kwenye majedwali, mabango ya mabasi na kumbukumbu za ofisi. "DAR" kwa herufi kubwa ni alama ya uwanja wa ndege kwenye tiketi. "Bongo" ni jina la mtaani lililoanza kwa Dar na sasa hutajwa kwa Tanzania nzima. Katika barua rasmi usitumie hata kimoja kati ya hivyo, kiandike kirefu.

Hatua ya pili: tenganisha Dar tatu

Ya kwanza ni Mkoa wa Dar es Salaam, mmoja kati ya mikoa 26 ya Tanzania Bara. Unaongozwa na Mkuu wa Mkoa, na ndani yake kuna wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa mkoa ni mdogo sana, una eneo la karibu kilomita za mraba 1,400, na umezungukwa na Mkoa wa Pwani upande wote wa nchi kavu. Mtu anaposema "Dar ina watu zaidi ya milioni tano" anazungumzia mkoa huu, ajue asijue.

Ya pili ni Jiji la Dar es Salaam kama serikali ya mitaa, yaani Halmashauri ya Jiji. Hii ndiyo inayowachanganya watu. Mipaka yake leo ni ya Wilaya ya Ilala peke yake: Posta, Kariakoo, Upanga, Buguruni, Vingunguti, Tabata, Segerea, Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu, Chanika na majirani zao. Ina Meya wa Jiji na Mkurugenzi wa Jiji. Wilaya nyingine nne zina halmashauri za manispaa, kila moja na meya wake na mkurugenzi wake.

Ya tatu ni jiji la mazungumzo, mji wenyewe kama watu wanavyouishi. Hili halina mpaka wa kisheria. Lina majumba, foleni, daladala na mwendokasi, na kwa macho ya mpita njia linavuka mkoa bila kubisha hodi: ukipita Bunju ukaingia Mapinga umeshaingia Bagamoyo, ukipita Mbagala ukafika Vikindu uko Mkuranga, ukipita Kibamba unaelekea Kibaha. Yote hayo ni Mkoa wa Pwani. Mtu wa Mapinga anayefanya kazi Mwenge atakwambia anaishi Dar, na katika mazungumzo hadanganyi. Kwenye fomu atakuwa amekosea mkoa.

Ndani ya Dar hiyo ya tatu kuna "mjini" pia. Mtu wa Mbezi, Kigamboni au Tegeta akisema "naenda mjini" anamaanisha Posta au Kariakoo. Usilitumie neno hilo kwenye maelekezo ya kazi kwa mgeni, hatalielewa.

Hatua ya tatu: elewa kilichotokea 2021, na kwa nini

Bila kipande hiki cha historia utaendelea kukosea kila unapokutana na waraka wenye umri zaidi ya miaka michache, kwa hiyo nitakikawilia kidogo.

Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na hadhi ya jiji mwaka 1961, mwaka wa uhuru. Katika miaka ya 1970 serikali za mitaa zilivunjwa kwa sera ya Madaraka Mikoani, kisha zikarudishwa. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji. Mwaka 2000 ukaja mfumo ambao wengi wetu tumekulia ndani yake: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mwaka 2016 wilaya mpya mbili zilianza kazi: Ubungo ilitolewa Kinondoni, na Kigamboni ikatolewa Temeke. Manispaa zikawa tano, Jiji likabaki juu yake.

Halmashauri hiyo ya Jiji ya zamani haikuwa na ardhi yake yenyewe. Madiwani wake walitoka kwenye manispaa, na kazi yake ilikuwa kuratibu mambo yaliyovuka mipaka ya manispaa, kama dampo la Pugu Kinyamwezi na kituo cha mabasi ya mikoani kilichokuwa Ubungo. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Jina likashuka kutoka juu ya manispaa zote likatua kwenye wilaya moja.

Kwa hiyo "Jiji la Dar es Salaam" la mwaka 2019 na "Jiji la Dar es Salaam" la leo ni vyombo viwili tofauti vyenye jina moja. Kile cha kwanza kilifunika mkoa mzima bila kumiliki kata. Cha sasa kinamiliki kata zake lakini hakiwahusu wakazi wa wilaya nyingine nne.

Kuna watu waliolalamika kwamba mpangilio huu ni wa ajabu. Mimi siuoni hivyo. Mwanza ina sura inayofanana: Halmashauri ya Jiji la Mwanza iko Wilaya ya Nyamagana, na jirani yake Ilemela ni manispaa inayojitegemea, ingawa kwa macho yote ni mji mmoja. Kilichokosekana Dar ni kuwaeleza watu kwa lugha nyepesi jina limehamia wapi. Wilaya ya Ilala, ieleweke, haikufutwa. Bado ina Mkuu wa Wilaya ya Ilala. Iliyobadilika jina na hadhi ni halmashauri.

Hatua ya nne: tafuta mahali pako kuanzia chini

Watu wengi huanza na mkoa wakishuka chini, na hapo ndipo wanapopotea kwa sababu kila ngazi wanabahatisha. Anza na mtaa, kisha panda juu. Mpangilio ni huu: mtaa, kata, halmashauri, wilaya, mkoa.

Mtaa unaujua kwa mwenyekiti wake wa serikali ya mtaa, yule anayekugongea muhuri barua ya utambulisho. Angalia muhuri huo: umeandikwa mtaa, kata na halmashauri. Hakuna ramani ya simu inayoshinda muhuri wa serikali ya mtaa kwa usahihi. Kama huna barua, angalia kibao cha namba ya nyumba na nguzo ya jina la barabara, vilivyowekwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, au fungua programu ya NaPA kwenye simu, itakuonyesha anwani ya makazi ya pale uliposimama pamoja na postikodi. Postikodi yetu ina tarakimu tano na imepangwa kwa kata, hivyo ukijua kata umeijua postikodi.

Ukishaijua kata, ipandishe kwenye halmashauri yake. Makosa mengi yako kwenye kata zilizohama mwaka 2016. Sinza, Manzese, Mabibo, Kimara, Goba na Mbezi ya njia ya Morogoro ziko Ubungo, siyo Kinondoni, ingawa mzee aliyejenga Sinza tangu zamani atakwambia yeye ni mtu wa Kinondoni. Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Ubungo. Kituo cha mabasi cha Magufuli cha Mbezi Luis kiko Ubungo pia. Mikocheni, Msasani, Masaki, Oysterbay, Kunduchi na Bunju zimebaki Kinondoni. Mbezi Beach nayo ni Kinondoni, kwa hiyo ukiandika "Mbezi" pekee hujaandika kitu. Kurasini, Chang'ombe, Mbagala na Chamazi ni Temeke. Ukivuka Daraja la Nyerere au pantoni uko Kigamboni.

Tahadhari nyingine hapa ni majina yanayojirudia kwa ngazi. Wilaya zote tano zina kata yenye jina lilelile la wilaya. Kuna Kata ya Kinondoni ndani ya Wilaya ya Kinondoni, Kata ya Temeke ndani ya Temeke, na hivyo hivyo Ilala, Ubungo na Kigamboni. Mtu akikwambia "nakaa Kinondoni" anaweza kuwa wa Kinondoni Makaburini au wa Bunju. Ukiwa unajaza dodoso muulize: kata au wilaya? Kuna pia Kongowe mbili, ya Mbagala na ya Kibaha, na moja kati ya hizo haimo Dar kabisa.

Hatua ya tano: jaza fomu na anwani

Fomu za serikali huwa na vipengele vya mkoa, wilaya, kata na mtaa, nyingine zikiongeza halmashauri. Kwa mtu wa Tabata jibu ni hili: mkoa Dar es Salaam, wilaya Ilala, halmashauri Jiji la Dar es Salaam, kata Tabata. Asiandike "Dar es Salaam" kwenye kipengele cha wilaya kwa sababu tu Ilala imekuwa jiji. Hakuna wilaya inayoitwa Dar es Salaam.

Kwa mtu wa Sinza: mkoa Dar es Salaam, wilaya Ubungo, halmashauri Manispaa ya Ubungo, kata Sinza. Kwake neno "jiji" halitokei popote.

Kwenye mifumo ya mtandaoni utakutana na orodha zenye vifupisho baada ya jina. CC ni halmashauri ya jiji, MC ni ya manispaa, TC ni ya mji, DC ni ya wilaya. Kwa hiyo "Dar es Salaam CC" ni Ilala, wala si mkoa mzima, na mwombaji wa Temeke akiichagua maombi yake yanaenda kwingine. DC nayo ina mtego wake, maana katika mazungumzo ya ofisini ni Mkuu wa Wilaya.

Anwani ya kufikika mahali na anwani ya posta zitenganishe. Ya mahali huandikwa kutoka dogo kwenda kubwa: namba ya nyumba na jina la barabara, kata, manispaa au jiji, kisha postikodi na Dar es Salaam. Ya sanduku la posta ni fupi: jina, S.L.P. na namba, Dar es Salaam. Hapo usiongeze manispaa, kwa sababu sanduku liko posta, haliko nyumbani kwako.

Hatua ya sita: elekeza barua na maombi kwa anayehusika

Leseni za biashara zinazotolewa na halmashauri, vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko na uzoaji wa taka ni mambo ya halmashauri ya eneo husika. Mwenye duka Kariakoo anamwandikia Mkurugenzi wa Jiji. Mwenye duka Manzese anamwandikia Mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo. Barua ya Manzese iliyopelekwa kwa Mkurugenzi wa Jiji haitajibiwa kwa kibali, kwa sababu hana mamlaka na eneo hilo. Kwa bahati nzuri utaelekezwa, kwa bahati mbaya utasubiri.

Kichwa cha barua ya Kariakoo kinakuwa hivi:

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam,
DAR ES SALAAM.

Na cha Manzese:

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo,
DAR ES SALAAM.

Katika kichwa cha kwanza jina limejirudia, na si kosa. Mstari wa pili unataja halmashauri, wa tatu unataja mahali barua inapokwenda. Nimeona makarani wakifuta mmoja wakidhani ni marudio, uacheni.

Jambo linalohusu zaidi ya wilaya moja, au linalohusu usalama na utawala wa mkoa, linakwenda ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na barua hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Barabara zina wenyewe: barabara kuu ni za wakala wa TANROADS, za mitaa ni za wakala wa TARURA. Kumlaumu "Meya wa Dar" kwa shimo la Goba ni kumlaumu mtu asiye na Goba.

Hatua ya saba: zichunguze taasisi zenye jina hili

Taasisi nyingi zina "Dar es Salaam" kwenye jina, lakini kila moja ina mipaka yake, na mara nyingi haifanani na ya mkoa wala ya halmashauri.

DAWASA, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam, inahudumia pia maeneo ya Pwani kama Kibaha na Bagamoyo. Mteja wa Kibaha ana bili ya mamlaka ya Dar es Salaam huku akiwa mkazi wa mkoa mwingine, na bili hiyo haimfanyi mkazi wa Dar. Jeshi la Polisi lina Kanda Maalum ya Dar es Salaam, na chini yake mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Ukisoma "Mkoa wa Kipolisi Kinondoni" usidhani kuna mkoa wa kiutawala wa jina hilo. Na mradi mkubwa wa barabara na mifereji unaofahamika kama DMDP ulianza kwa kufanya kazi katika Ilala, Kinondoni na Temeke, ukitaja jiji kwa maana pana.

Kanuni ninayoitumia: jina la taasisi liandike lilivyo, neno kwa neno, kisha eleza kwa sentensi yako inahudumia wapi. Usikisie mipaka kwa kuangalia jina.

Hatua ya nane: soma takwimu kwa uangalifu

Hapa ndipo uzembe unapozaa uongo hata mwandishi akiwa na nia njema. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Dar es Salaam watu 4,364,541. Sensa ya 2022 iliupa 5,383,728. Kwenye majedwali ya 2022 Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala, lina watu 1,649,912. Mtu akichukua idadi ya "Dar es Salaam" ya 2012 na ya "Jiji la Dar es Salaam" ya 2022 akaziweka pamoja, atatangaza kwamba mji umepoteza watu zaidi ya milioni mbili na nusu. Hakuna hata mmoja aliyepotea. Amelinganisha mkoa na wilaya moja.

Mtego wa pili uko Kinondoni. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,775,049, mwaka 2022 ikawa na 982,328. Watu hawakuhama, Ubungo ilikatwa ikaenda na watu wake. Ili ulinganishe haki bin haki, jumlisha Kinondoni ya 2022 na Ubungo yenye 1,086,912, upate 2,069,240. Fanya hivyo kwa Temeke pia: mwaka 2012 ilikuwa na 1,368,881, mwaka 2022 ina 1,346,674, ongeza Kigamboni yenye 317,902 unapata 1,664,576. Sasa una ongezeko, na ndilo la kweli. Ilala peke yake inalinganishwa moja kwa moja, 1,220,611 kwa 1,649,912, kwa kuwa haikukatwa kipande mwaka 2016. Ilibadilishwa jina la halmashauri tu.

Ukiandika idadi yoyote, taja vitu vitatu kwenye sentensi hiyohiyo: eneo gani, mwaka gani, sensa au makadirio. "Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya 2022" ni sentensi isiyoweza kubishaniwa.

Na kama unaandika kuhusu nchi, usiite Dar es Salaam makao makuu ya Tanzania. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanyika 1973, na mwaka 2018 Dodoma ikapata hadhi ya jiji na sheria yake ya kuitangaza makao makuu. Dar es Salaam unaweza kuiita kitovu cha biashara bila kumkosea mtu.

Hatua ya tisa: lipatanishe jina na sentensi

Upatanisho wa kisarufi unafuata neno la mbele, na hapo lugha yetu inatusaidia sana. "Mkoa wa Dar es Salaam umetangaza" na "Jiji la Dar es Salaam limetangaza" ni taarifa za ofisi mbili tofauti, na kiambishi chenyewe kinamwambia msomaji ni ipi. Mhariri anayebadilisha "umetangaza" kuwa "limetangaza" kwa sababu ya sauti amebadilisha habari. Jina likisimama peke yake hupatanishwa kwa "i-", kama majina mengine ya miji: "Dar es Salaam imekua", "Dar es Salaam yetu".

Kwa kuonyesha mahali tumia "jijini Dar es Salaam" unapozungumzia mji kwa ujumla, na "mkoani Dar es Salaam" unapotaka mpaka wa mkoa. Napendekeza pia herufi kubwa ifanye kazi: "Jiji la Dar es Salaam" kwa herufi kubwa iwe halmashauri, na "jiji la Dar es Salaam" kwa herufi ndogo iwe mji mzima. Si kila gazeti linafuata hivyo, lakini ukishikilia utaratibu huo ndani ya waraka wako mmoja msomaji atakuelewa. Tatizo ni pale inaposomwa redioni, maana herufi kubwa haisikiki. Kwa redio sema "Halmashauri ya Jiji".

Hatua ya kumi: nyaraka za zamani ziache na jina lake

Una cheti kilichoandikwa Kinondoni na nyumba iko Kimara. Una mkataba wa 2010 uliosainiwa na Manispaa ya Ilala. Una risiti ya Halmashauri ya Jiji ya 2018. Usifute, usiandike juu yake kwa kalamu. Waraka ni sahihi kwa siku ulipotolewa, na kuuchezea ndiko kunakoleta matatizo.

Ukiunukuu kwenye barua mpya, taja jina la wakati huo kisha uongeze la sasa: "Manispaa ya Ilala, ambayo sasa ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam"; "Kata ya Kimara, iliyokuwa Manispaa ya Kinondoni, sasa Manispaa ya Ubungo". Kwa masuala ya kiwanja, namba ya kiwanja na kitalu ndivyo vinavyokitambulisha. Ofisi ya kuanzia kuuliza ni idara ya ardhi ya halmashauri ya eneo hilo leo, ukiwa na hati yako ilivyo.

Kwa risiti au mkataba wa Halmashauri ya Jiji ya kabla ya Februari 2021, usiende Ilala ukidhani jina moja maana yake ni ofisi moja. Anza na tarehe iliyo kwenye waraka. Kisha uliza jambo lenyewe lilihusu eneo gani, na lilihamishiwa wapi chombo cha zamani kilipovunjwa. Kama linahusu kitu kilichoko Ubungo, anzia Ubungo. Kama lilihusu mkoa mzima, anzia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, ukiwa na nakala na siyo waraka halisi.